Kazi Isiyosikika

Sifa katika dunia hii hugawanywa kwa upendeleo. Mtu aliyejenga nyumba mpya hutajwa jina lake na wapita njia. Mtu aliyeziba tundu la paa la nyumba hiyo miaka 20 baadaye hapewi hata ahsante, ijapokuwa mvua imenyesha na wenye nyumba wamelala pakavu. Upendeleo huu ni wa zamani, lakini katika kazi ya programu za kompyuta umepita kiasi. Vijana husikia habari za mtu aliyeandika programu mpya kwa usiku mmoja. Hawasikii habari za yule aliyekaa miaka mingi akiyasoma maandishi ya mwenziwe, akafuta mstari usiofaa hapa, akabadili jina lenye kupoteza pale, akaligawa fungu refu kuwa mafungu matatu mafupi, mpaka programu iliyokuwa karibu kufa ikaendelea kuishi. Nataka kumtetea mtu huyu wa pili, na kuwashitaki wanaomdharau. Mfano nitakaoutumia ni programu za kupigia muziki zilizoandikwa kwa lugha ya C, kwa sababu maandishi yao yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, na kwa sababu kila msomaji ana masikio.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha ya maneno machache na nguvu nyingi, nayo haimwulizi mwandishi maswali. Akitaka nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta huipata, lakini ni juu yake kukumbuka kuirudisha. Akisahau, nafasi hiyo hupotea mpaka programu ifungwe. Akitaka kuandika kitu cha 101 katika orodha yenye nafasi 100, lugha haimzuii. Kitu hicho kitaandikwa juu ya mali ya jirani, na kosa laweza kudhihirika saa nzima baadaye, mahali pengine kabisa, kwa sura isiyofanana na chanzo chake. Kwa hiyo maandishi machafu katika lugha hii si udhia wa macho tu, kama mwandiko mbaya katika daftari. Ni hatari.

Muziki nao, ukiingia ndani ya kompyuta, huwa ni hesabu. Katika CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo ni namba isiyopungua -32,768 wala kuzidi 32,767. Jumla yake ni baiti 176,400 kwa kila sekunde. Kazi ya programu ya kupigia muziki ni kulifungua faili, kuzikunjua namba zilizokunjwa ndani yake, kuziongeza au kuzipunguza kwa kadiri ya sauti anayoitaka msikilizaji, kisha kuzipeleka kwenye spika bila kuchelewa. Akiba ya vipimo 4,096 kwa kila upande hudumu kwa sehemu 93 tu za elfu za sekunde. Ikiisha kabla ya nyingine kufika, sauti hukatika, na mtu asiyejua lolote juu ya kompyuta hulitambua kosa hilo papo hapo. Ni programu chache ambazo taksiri yake hutangazwa upesi namna hii.

Sasa tazama jinsi uchafu unavyoingia. Hauingii kwa uvivu peke yake. Aghalabu huingia kwa haraka yenye nia njema. Mwandishi anaanza na mafaili ya aina ya MP3. Anaandika fungu la kuongeza sauti, na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, anaweka ulinzi: namba ikizidi 32,767 ibaki 32,767. Pasipo ulinzi huo, 30,000 ikijumlishwa na 10,000 hupatikana 40,000, nayo haienei katika nafasi ya biti 16. Ikilazimishwa humo hugeuka kuwa -25,536, na msikilizaji husikia mpasuko kama wa ubao unaovunjika. Baadaye watumiaji wanaomba mafaili ya aina nyingine, Ogg Vorbis. Mwandishi ananakili fungu lile na kulibadili kidogo. Kisha inakuja aina ya tatu, na ya nne. Baada ya miaka michache ulinzi uleule umeandikwa mara nne katika mafaili manne. Siku lalamiko linapokuja, linasahihishwa pale lilipotokea tu, na makosa matatu yaliyofanana nalo yanabaki yamelala.

Mtu akidhani kwamba nimebuni shida hii ili nishinde hoja, na aiangalie programu iliyokuwa maarufu ya XMMS. Ndani yake, kwa kazi ya kukunjua mafaili ya MP3, mlitiwa nakala ya maandishi ya programu nyingine iitwayo mpg123. Nakala ikishanyofolewa kwa mwenyewe hukua peke yake. Kosa likisahihishwa huku halisahihiki kule, mpaka apatikane mtu wa kulibeba kwa mkono kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Habari za XMMS nitazirudia, kwa kuwa ndizo zenye ushahidi mkubwa kuliko zote nizijuazo katika shauri hili.

Kusafisha maandishi ya namna hii kuna sharti moja lisilovunjwa: ndani ya programu hubadilika, nje haibadiliki. Kitabu cha Martin Fowler kilichotoka mwaka 1999 ndicho kilichoieneza kazi hii kwa jina na utaratibu, ingawa mafundi wazuri walikuwa wakiifanya kabla ya kupewa jina. Katika programu ya muziki sharti hilo lapimika kwa namna ya kupendeza. Kabla ya kugusa mstari wowote, msafishaji huchukua nyimbo kadhaa, huzipitisha katika programu, na badala ya kuzipeleka kwenye spika huzihifadhi zile namba zinazotoka. Kisha huanza. Anauhamisha ulinzi wa sauti kutoka mafaili manne, anauweka mahali pamoja, anaupa jina linalosema kazi yake, na kuyafanya mafungu yote manne yauite kwa jina hilo. Anazipitisha nyimbo zilezile tena, na kulinganisha namba kwa namba. Zikilingana zote, anaiandika hatua hiyo katika kumbukumbu za mradi na kwenda hatua ya pili. Isipolingana hata namba moja kati ya mamilioni, anasimama na kutafuta sababu. Yamkini atagundua kwamba moja ya zile nakala nne ilikuwa na kosa tangu zamani. Hapo hulitenga kosa hilo na kulisahihisha peke yake, kwa hatua yake yenyewe, ili kila atakayesoma kumbukumbu ajue lipi lilikuwa usafi na lipi lilikuwa tiba.

Angalia basi, msomaji, hali ya ajabu ya mtu huyu. Amefanya kazi wiki nzima, na ushahidi wa kwamba ameifanya vema ni kwamba hapana mtu aliyesikia tofauti yoyote. Hapa ndipo dharau inapoanza. Mwenye mali huuliza, «Umeongeza nini?» Naye hana la kuonyesha isipokuwa mistari iliyopungua.

Wanaoipinga kazi hii wako makundi mawili, nayo hayapendani, ila yameungana katika kumdharau msafishaji. Kundi la kwanza husema: «Inafanya kazi, usiiguse.» Maneno haya yana sura ya busara, na wanaoyasema huyasema kwa sauti ya watu walioona mengi. Lakini yanasahau kwamba programu haikai peke yake duniani. Inasimama juu ya programu nyingine, na hizo hazisimami mahali pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hata nyumba isiyo na ufa hupatwa na shida ardhi yake ikisogea.

XMMS ilianzishwa mwaka 1997 na Peter Alm na Mikael Alm kwa jina la X11Amp, ikapewa jina la XMMS mwaka 1999. Ilikuwa ya kompyuta zinazotumia Linux na mifumo ya jamii yake, na sura yake iliiga Winamp, iliyokuwa ikipendwa sana na watu wa Windows. Kwa miaka kadhaa mtu akitaka kusikiliza muziki katika Linux aliikimbilia hiyo. Madirisha yake yalichorwa kwa zana zinazoitwa GTK, toleo la kwanza. Mwaka 2002 likatoka toleo la pili la zana hizo, lenye uwezo mkubwa zaidi hasa wa kuonyesha herufi za lugha za dunia nzima. Programu nyingine zikahama moja moja. XMMS haikuhama. Ilikuwa inafanya kazi, na haikuguswa. Wagawaji wa Linux walipochoka kubeba zana za zamani kwa ajili ya programu chache zilizobaki nyuma, walianza kuitoa XMMS katika orodha zao. Toleo lake la mwisho, 1.2.11, lilitoka mwaka 2007. Haikufa kwa kosa kubwa wala kwa adui. Iliachwa kama ilivyo, na kuachwa kama ilivyo kukatosha.

Kundi la pili lina damu moto zaidi, na vijana wengi hulipenda. Hilo husema: «Maandishi haya ni takataka. Tubomoe, tuanze upya.» Nalisema wazi kwamba nalichukia shauri hili kuliko lile la kwanza, kwa kuwa lile la kwanza ni woga tu, ilhali hili ni kiburi kilichovaa nguo za bidii. Anayetaka kubomoa aghalabu hajayasoma maandishi anayoyalaani. Ameyaona magumu, na ugumu wa kuyasoma akaudhani ni ubaya wa kuandikwa kwake. Kusoma kazi ya mtu mwingine ni kugumu kuliko kuandika yako. Hiyo ndiyo siri ya nusu ya majengo yote yanayobomolewa.

Tena maandishi ya zamani yana elimu ndani yake ambayo haikuandikwa mahali pengine. Katika programu ya muziki utakutana na mistari inayoonekana kama wazimu. Huu unarudi nyuma baiti 128 kutoka mwisho wa faili na kutafuta herufi tatu, TAG. Ule unakataa kuamini urefu wa wimbo uliohesabiwa kutokana na kipande cha kwanza. Mgeni huvifuta vyote. Lakini mafaili mengi ya MP3 yana jina la wimbo na la mwimbaji katika zile baiti 128 za mwisho, na asiyeziondoa mapema huweza kuzifanyia kazi kana kwamba ni sauti. Mafaili mengine hubadili kiasi cha kukunjwa kutoka kipande hadi kipande, na anayeupima urefu kwa kipande cha kwanza humwambia msikilizaji kwamba wimbo wa dakika nne una dakika tisa. Mstari ulioonekana takataka ulikuwa kovu la jeraha lililokwisha pona. Mwenye kuanza upya hana makovu hayo; atayapata moja moja, kwa maumivu yaleyale, na watumiaji wake watakuwa ndio wa kumpigia kelele.

Mambo haya yalitokea hadharani. Mwishoni mwa 2002 Peter Alm mwenyewe, pamoja na wenzake, alianza XMMS2, programu mpya kabisa isiyo na maandishi ya ile ya zamani. Sisemi kwamba fikira yake ilikuwa mbaya. Kuitenga sehemu inayopiga muziki na sehemu inayochora dirisha ni fikira nzuri sana. Lakini mwaka 2011, karibu miaka tisa baadaye, toleo lake lilikuwa 0.8, yaani kwa hesabu ya waandishi wenyewe halijatimia moja. Watu waliotaka dirisha lao la zamani lenye vitufe vyake hawakungoja. Wakati huohuo kundi jingine lilikuwa limeyachukua maandishi yaleyale ya XMMS, likayahamisha kwenda kwenye zana za GTK za toleo la pili, na kuipa programu hiyo jina la Beep Media Player. Ilipoanza kushika njia, mwaka 2005, waandishi wake nao wakashikwa na homa ileile: waliiacha ili waandike mpya kutoka mwanzo, BMPx. BMPx ilikwenda miaka michache, ikasimama.

Na yale maandishi yaliyotupwa? Mwezi wa Oktoba 2005 waliyaokota watu wengine, wakayaita Audacious. Hawakuyabomoa. Waliyasafisha, sehemu baada ya sehemu, toleo baada ya toleo, programu ikiwa inapiga muziki wakati wote. Fundi wa jahazi haliunguzi kwa sababu ubao mmoja umeoza; huung'oa ubao huo, hutia mwingine, hukalafati, na chombo hurudi majini. Hivyo ndivyo walivyofanya, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika ukoo ule, yule aliyesafishwa amebaki akitoa matoleo mapya hadi miaka hii tuliyo nayo. Najua kwamba ukoo mmoja hautoshi kuwa sheria ya dunia nzima. Lakini mwenye kutaka kubomoa na atuletee ukoo wake, tuuhesabu.

Mpg123 nayo ina habari ya kufanana na hii, ingawa fupi. Toleo lake la 0.59r lilitoka mwaka 1999, kisha mradi ukanyamaza kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Thomas Orgis aliushika pamoja na mwenzake. Maandishi yalisafishwa, na ile sehemu inayokunjua MP3 ikatengwa ikawa maktaba ya amri inayoweza kuitwa na programu yoyote. Ndipo ile dhambi ya nakala niliyoitaja ikapata dawa. XMMS ilibeba nakala. Audacious huiita maktaba. Kosa likisahihishwa katika maktaba, limesahihishwa kwa wote wanaoiita.

Hapa wapinzani wangu watasimama kwa furaha na kunitajia Debian. Wana haki ya kuitaja. Mwezi wa Septemba 2006, katika mgao huo maarufu wa Linux, msimamizi wa programu ya usalama ya OpenSSL alitumia chombo cha ukaguzi kilicholalamika kwamba kuna mahali kumbukumbu inasomwa kabla ya kuandikwa. Ili lalamiko liishe, mistari iliyohusika ikaondolewa. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukimimina namba za bahati katika chungu ambamo funguo za siri hupikwa. Kutoka siku hiyo kitu pekee kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa; kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo hapakuwa na zaidi ya funguo 32,768 hivi. Mwizi mwenye subira ya siku chache aliweza kuzijaribu zote. Jambo hili lilitangazwa Mei 2008, baada ya miezi 20, na funguo zote zilizotengenezwa katika muda huo zikawa hazifai.

Je, hili lathibitisha kwamba kusafisha ni kubaya? Lathibitisha kwamba kunyamazisha chombo cha ukaguzi si kusafisha. Mkulima anayepalilia kwa kutazama rangi ya kijani tu atang'oa mahindi pamoja na magugu, na kosa halitakuwa la jembe. Mstari ule ulifutwa kabla haujaeleweka. Kando ya mstari wenyewe hapakuwa na neno hata moja la kueleza kwa nini uko pale na uchungu wake ni nini, ingawa lugha ya C humruhusu mwandishi kuweka maelezo popote apendapo. Maandishi yaliyosafishwa mapema, yenye jina la wazi na maelezo ya mstari mmoja, yasingefutwa kwa wepesi namna ile. Kwa hiyo nawaazima wapinzani wangu mfano wao, kisha nauchukua tena.

Nao wapinzani wangu na wauangalie mfano mwingine. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake, na siku chache baadaye kwa kompyuta zake. Kosa lilikuwa katika fungu la C linalohakikisha kwamba tovuti ambayo simu inazungumza nayo ndiyo kweli mwenye jina hilo. Mstari wa maneno mawili, «goto fail», unaoamuru kuruka kwenda mwisho wa fungu, uliandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwenziwe, yote miwili imesogezwa ndani sawasawa. Wa kwanza ulitawaliwa na sharti lililo juu yake. Wa pili haukutawaliwa na kitu, kwa sababu hapakuwa na mabano ya kuifunga pamoja, ukatekelezwa daima. Ukaguzi wa mwisho ukarukwa, na jibu likarudi kwamba hakuna kasoro. Jicho lilidanganywa na mpangilio. Mabano mawili yangaliudhihirisha upuuzi ule, na kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya C kuwa amri za mashine, ingeweza kuonya kwamba mistari iliyofuata haifikiwi kamwe, kama ingaliagizwa kuonya. Ziko nyumba ambazo maonyo ya kompaila yamezimwa kwa sababu ni mengi mno. Huko ni sawa na kuziba masikio kwa sababu mtoto analia sana.

Niseme pia ni lipi nisilolihesabu kuwa usafi. Wako watu wanaopigana kwa miaka juu ya mahali pa kuweka mabano, mwisho wa mstari huu au mwanzo wa ule, na kama mstari usogezwe ndani kwa nafasi nne au nane. Sina subira na vita hivyo. Mradi uchague desturi moja na kuishika. Mbaya zaidi ni yule anayelipanga upya faili zima kwa siku moja, mistari 3,000 ikabadilika pamoja, na katikati yake akaingiza mabadiliko mawili ya maana. Baada ya miezi sita sauti ikianza kukatika, atakayefungua kumbukumbu za mradi atakuta bahari ya nafasi zilizosogezwa, na yale mabadiliko mawili yamezama ndani yake. Huyo hakusafisha nyumba, amehamisha vumbi.

Kusafisha kwa kweli huanza na majina. Fungu linaloitwa «do_it2», lenye namba za «tmp» na «x1», humlazimisha kila msomaji kuivumbua upya kazi iliyokwisha vumbuliwa. Lipe jina la kazi yake, na aghalabu utashindwa, kwa kuwa utaona kwamba linafanya kazi tatu. Kushindwa huko kutakuonyesha pa kuligawa. Kisha tazama namba ambazo kila fungu katika programu laweza kuzibadili. Katika programu ya muziki hizi ni sumu, maana aghalabu kazi mbili huendeshwa kwa pamoja, moja ikilisha spika, nyingine ikichora dirisha. Zote mbili zikiigusa namba ya sauti kwa wakati mmoja bila utaratibu, kosa litatokea leo na lisitokee kesho; zikiwekewa kufuli moja ovyo, kazi ya spika itangoja dirisha limalize kuchora, na zile sehemu 93 za elfu za sekunde zitakwisha. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na hapa ndipo mtu anapojua kama ameielewa programu au ameipaka chokaa tu.

Kijana anayesoma kurasa hizi huenda akauliza mambo haya yanamhusu vipi, naye bado yuko shuleni. Yanamhusu sana. Mashindano ya shule hutoa zawadi kwa kitu kipya. Mwanafunzi huambiwa aandike programu yake, aionyeshe, apate alama, na aiache ife. Ni nadra kupewa programu ya mwenziwe wa mwaka uliopita na kuambiwa: isome, iandikie majaribio, ipunguze, na irudishe ikifanya kazi ileile. Kazi hiyo ingempa elimu kubwa kuliko programu tatu mpya. Lakini akienda kuajiriwa, atakutana na maandishi yaliyoandikwa na watu walioondoka zamani, na hapo ndipo atakapotakiwa awe na ujuzi ambao hakupata kufundishwa hata siku moja. Wengine watasema kwamba siku hizi ziko mashine zinazoandika maandishi ya C kurasa kwa kurasa kwa kuombwa tu. Ndiyo, ziko. Na kila ukurasa zinaouandika unahitaji mtu wa kuusoma, kutambua kwamba fungu hili limerudiwa mara nne, na kuamua ni lipi libaki. Uandishi umekuwa rahisi. Usomaji haujawa rahisi hata kidogo.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, Audacious hupatikana bure, na maandishi yake yako wazi. Zana zake za kuchorea madirisha zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu siku za XMMS; katika toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2020, zana za Qt ndizo zilizofanywa za kawaida mahali pa GTK. Ukifungua orodha ya mipangilio yake, utakuta bado inayakubali mavazi ya Winamp ya zamani. Chukua vazi lililotumiwa na mtu wa mwaka 1999 katika XMMS, livishe, na vitufe vitatokea mahali palepale vilipokuwa, kile cha kupiga, kile cha kusimamisha, na dakika zikihesabiwa kwa tarakimu zilezile za kijani. Bonyeza, na usikilize kama utasikia tofauti.